Ijumaa za Maji Mafu

Mjomba wa wanangu aliwageuza nyayo juu, mmoja baada ya mwingine, kama mtu anayenunua kuku sokoni anavyowakagua miguu. Alifanya hivyo kila Ijumaa jua likikaribia kuzama, mlangoni kwake, mbele ya jirani yeyote aliyekuwa akipita. Alianza na binti yangu wa miaka saba, kisha mdogo wake wa miaka minne. Aliwatazama visigino, magoti, viwiko, hata nyuma ya masikio. Mimi nilisimama uani kama mtu aliyeleta mzigo na anangoja kuambiwa kama umefika mzima.

"Mwambie baba yako," alimwambia binti yangu huku akimwachia mguu, "leo kasalimika."

Hakuniambia mimi, ingawa nilikuwa nimesimama karibu kiasi cha kunusa mafuta aliyojipaka kichwani. Hatukuwa tunasemezana. Dini inamkataza Mwislamu kumnunia mwenzake zaidi ya siku tatu, naye alikuwa mtu wa safu ya mbele msikitini, kwa hiyo alijitafutia njia. Kila tulipokutana alinipa salamu kamili, asalaam aleikum warahmatullah, mimi nikaitikia, na wajibu wake mbele ya Mungu ukawa umekwisha. Maneno yote yaliyobaki yalipita kwa mtoto. Mwambie baba yako hivi. Mwambie mjomba wako vile. Mwanzoni binti yangu alirudia kila neno kwa uaminifu, akigeuza kichwa huku na huku. Baadaye alichoka. Alisimama tu katikati yetu akitafuna muhogo mbichi, maneno yakimpita juu ya kichwa.

Mimi na mama yao tuliachana nikiwa Nampula. Tangu nilipomaliza darasa la kumi nilikuwa mtu wa njia: Mtwara, Lindi, Pemba ya kwetu Msumbiji, Nampula, machimbo ya mawe mekundu huko bara, kisha Mtwara tena kwa kuvukia mpakani Namoto. Sizijutii njia hizo na sitaziombea radhi hapa. Mama yao alirudi kwao na watoto, na kwetu sisi, kwao mwanamke ni kwa kaka yake. Mtoto akiugua anaitwa mjomba. Mtoto akiposwa anaulizwa mjomba. Baba ni mtu aliyepita. Akitaka kukaa na wanawe hata alasiri moja, sharti aombe.

Niliomba. Mjomba alinipa Ijumaa, baada ya sala mpaka magharibi, na aliitoa kwa sauti kubwa pale mlangoni, mama yao na mke wa jirani wakisikia. "Mwambie baba yako nimempa Ijumaa. Lakini siku mtoto atakaporudi na mchubuko mmoja, mmoja tu, Ijumaa zimekwisha. Arudi kwenye barabara zake."

Hilo ndilo nililokuwa nalo. Nilikuwa nimerudi pwani bila nyumba, bila shamba, bila mtu wa kunipokea. Nilikuwa na Ijumaa.

Nilirudi kwa ajili ya gesi, kama kila mtu. Miaka ile meli zenye minara zilikuwa zimesimama mbali baharini, na kila wiki redio ilisema zimegundua gesi nyingine, kama kwamba gesi ni samaki. Magari meupe yalipita barabara kuu yakiwa yamefunga vioo. Olumbi, ambako zamani gari lilisimama ili watu wajisaidie vichakani tu, palichipuka vibanda vya kuku wa kukaanga na vya kuchaji simu. Walikuja watu kutoka kila upande, wengine na vyeti ndani ya mifuko ya plastiki, wengine na mikono mitupu, wote wakiuliza ofisi ya kampuni iko wapi. Wapimaji walipigilia vigingi vyenye utepe mwekundu kwenye mashamba, na kila aliyekuta kigingi kwake alianza kugombana na nduguye kabla hata hajaulizwa kitu. Niliwachukia wageni wale waliojaa mjini Palma. Wenyeji nao walinichukia mimi, kwa kuwa nilirudi pamoja nao, siku zile zile, kwa njia ile ile.

Kazi niliyopata ni ya kuziba pancha kwenye karakana ya mkandarasi mmoja, nje kidogo ya Palma. Msimamizi wetu alikuwa mzungu mnene tuliyemwita patrão, bosi kwa Kireno, kama walivyoitwa wote. Hakuwa mtu mwema. Jina la mtu hakulijua hata baada ya mwaka. Alituita kwa kupiga miluzi, na kila mmoja alipaswa kuujua mluzi wake. Siku moja wakati wa chai alikuwa anatazama simu yake akicheka peke yake. Nilipopita na pampu aliniita nami nitazame, nadhani kwa sababu hapakuwa na mwingine.

Walikuwa watoto wake, huko kwao, kwenye theluji. Theluji nilikuwa nimeisoma shuleni kwa Kireno, katika kitabu chenye picha ya mti usio na majani, na sikuwahi kuifikiria tena. Sasa niliona kilima chote cheupe, na watoto waliovimba kwa makoti wamekaa ndani ya mipira ya tairi, mipira ile ile ya ndani niliyokuwa naiziba kutwa, wakiteremka mmoja mmoja kwa kasi ya baiskeli. Juu ya kilima alisimama mtu mzima ameshika kamba ya mpira. Chini alisimama mwingine ameinua mkono.

"Wale wawili ni nani?" nilimwuliza.

"Bila wale hakuna kuteleza," alisema. "Wa juu hamwachii mtoto mpaka wa chini ainue mkono. Mkono ukiinuka, maana yake njia ni nyeupe." Kisha akaivuta simu yake kana kwamba naichafua kwa macho. "Kwenu hakuna vitu hivi."

"Tuna tope," nikamwambia.

Alicheka mpaka chai ikamwagika. Kicheko kile ndicho kilichonipeleka horini.

Hori ni mkono wa bahari unaoingia nyuma ya kijiji chetu, kati ya Olumbi na Palma. Maji yakijaa hulifanya ziwa. Yakipwa hubaki mfereji, na kingo za tope laini pande zote mbili, nyororo kama samli. Sisi tulipokuwa wadogo tuliteleza kule uchi, kwa matumbo, bila mtu mzima, na kila mmoja alirudi na alama yake. Chaza hukua kwenye mizizi ya mikoko, na ganda la chaza linakata kuliko wembe. Mimi nina mstari tumboni tangu nikiwa na miaka minane. Nimelala miji mingi tangu hapo na bado nikipita mahali penye harufu ya tope la chumvi husimama. Hakuna kitu kingine cha utotoni ninachokitamani hivyo. Lakini sikuwa na ruhusa ya kuwapa wanangu kitu hicho kama nilivyokipata mimi. Mchubuko mmoja.

Nilichukua mipira miwili iliyotupwa karakanani, tyubu za lori. Nikaziba viraka vyake. Kile chuma cha kujazia upepo, kirefu na kilichopinda, ndicho kinachorarua mapaja ya watoto wanaochezea tyubu. Nikakizungushia vitambaa vya kapulana kuukuu, zile kanga za kwetu, tabaka juu ya tabaka, kisha nikakifunga kwa ukanda wa mpira mpaka kikawa kama kidole kilichouguzwa. Nikazungusha kamba ya kushikia. Upepo nikatia kidogo, kiasi kwamba ukibonyeza, kidole kinazama, kwa sababu tyubu iliyojaa sana humrusha mtoto.

Mahali nilipopachagua ni ng'ambo ya hori, kwa kuwa upande wa kijijini umejaa mikoko. Kule ukingo una kimo kama cha paa la nyumba na mteremko wake ni mrefu, na ukifika chini kuna kipande cha mchanga mgumu, kisha maji ya magotini. Nilipapasa njia nzima kwa viganja, nikatoa kila ganda na kila kijiti, nikachomeka fito pande zote mbili. Nje ya fito upande wa kushoto kulikuwa na kisiki cha mkoko chenye chaza. Ndiyo maana fito za upande huo nilizichomeka karibu karibu. Tulikwenda Ijumaa za maji mafu tu, wakati bahari haina nguvu ya kujaa wala ya kupwa na mkondo ni mpole, na maji hutoka alasiri. Ijumaa ya bamvua, maji yamejaa hori zima saa zile, tulikaa nje ya chumba changu cha kupanga tukipika ndizi.

Niliwafundisha kabla hawajagusa tope. Unakaa, hulali. Unashika kamba kwa mikono miwili. Miguu juu. Ukifika chini unatoka njiani kwanza, ndipo unacheka. Kupanda ni pembeni, siyo juu ya njia. Na hakuna kuachia mpaka mkono wangu uko juu.

"Na mimi?" aliuliza mdogo.

"Wewe unaanzia katikati, na mimi nimeshika kamba."

"Kama mbuzi."

"Kama mbuzi wa bei."

Mtu wa pili sikuwa naye. Nani angekuja? Kwa hiyo nilisimama chini mimi, na binti yangu alijishikilia juu mwenyewe, visigino amevizamisha topeni, macho kwenye mkono wangu. Alikuwa mtoto wa kutii jambo likiwa na maana. Mkono ukiinuka, visigino vinatoka, miguu juu, na tyubu inashuka na sauti kama kitambaa kinachochanwa. Alinipita na meno yote nje. Sijapata kuona kitu kingine chenye kunifanya nisitamani kwenda popote.

Watoto wengine wa kijiji walikuja. Niliwafukuza. Singeweza kuwalinda wa watu, na kama mmoja angekatwa na chaza, mimi ningefukuzwa kijijini kabla ya damu kukauka. Mama zao hawakulipokea hivyo. Nikipita kisimani nilisikia: "Huyo hapo, mchoyo wa tope."

"Tope la Mungu analiwekea mlango."

"Amejifunza kwa kampuni. Kesho atapigilia vigingi."

Maneno yale ndiyo yaliyomfikia mjomba. Ijumaa moja baada ya sala tulimwona anashuka upande wa kijijini, kanzu nyeupe ameikusanya kiunoni, viatu mkononi, akivuka mfereji kwa hatua za mtu anayekwenda kutoa hukumu. Binti yangu alikuwa amekwisha kukaa kwenye tyubu kule juu. Mimi nilikuwa nimeinama kando ya njia, namtoa mdogo tope jichoni.

"Asalaam aleikum warahmatullah."

"Wa aleikum salaam."

Alitafuta pa kusimama. Kila alipokanyaga alizama mpaka kwenye shavu la mguu, na kanzu ilikuwa ya Ijumaa. Mahali pakavu palikuwa pamoja tu, kile kipande cha mchanga mgumu kati ya fito, mwisho wa njia. Akasimama hapo, mgongo ameupa mteremko.

"Mwambie baba yako," alimwambia mdogo, "nimesikia amefungua bandari."

"Mwambie mjomba wako bandari hii haina ushuru. Lakini gatini pale hapasimamwi."

"Mwambie baba yako mimi sipangiwi pa kusimama. Hori hili babu zangu walilivua kabla ya babu zake kujua maji ya chumvi."

"Mwambie mjomba wako babu zake walijua kutoka njiani."

Mdogo alikuwa akinitazama mimi kwa jicho moja, jingine limejaa tope. Mjomba alikuwa anapumua kwa nguvu.

"Mwambie baba yako watoto si tairi za kujazwa upepo na kuviringishwa. Mwambie dada yangu hakuwazaa ili wawe kichekesho cha mtu wa barabara. Na mwambie, wallahi," na hapo, kuapa kwake, aliinua mkono wote wa kulia mpaka juu ya kofia, kidole kimesimama kuelekea mbinguni, "wallahil adhim, leo ni mwisho!"

Mkono uliinuka, na binti yangu kule juu aliona mkono.

Nilisikia sauti ya kitambaa kinachochanwa. Niligeuka, tyubu ilikuwa tayari nusu ya njia, miguu yake juu, macho makubwa, na mjomba amesimama katikati ya fito na mgongo wake mpana. Nilikuwa na nafasi ya kupiga kelele mara moja. Na kilichonitoka, kwa mazoea ya miezi yote ile, kilimwendea mtoto wa miaka minne:

"Mwambie mjomba wako aondoke!"

Mjomba alinisikia. Singeweza kupiga kelele kubwa kuliko ile. Lakini hakuambiwa yeye. Alishusha macho kwa mdogo na kungoja, kwa heshima zote, aletewe ujumbe.

"Mjomba," alianza mdogo, "baba anasema..."

Tyubu ilimchota miguu yote miwili. Niliona nyayo zake zikipanda na kofia ikienda zake, kisha akaanguka upande wa kushoto, juu ya fito, juu ya kisiki. Tyubu ilizunguka, ikamtema binti yangu majini.

Nilimkimbilia binti. Nilimtoa majini kwa kwapa, nikamkalisha mchangani na kumgeuza nyayo juu. Visigino. Magoti. Viwiko. Nyuma ya masikio. Nilimfuta tope kwa shati langu na kutazama upya kila mahali, nikimshika kwa nguvu hata nikamwumiza mimi mwenyewe.

"Baba, unanifinya," alisema. "Mkono si uliinuka? Niliuona."

"Uliinuka, mama. Hukukosea."

Hakuwa na alama hata moja.

Mjomba alikuwa amekaa topeni ameshika mguu wake, na kati ya vidole vyake damu ilikuwa inatoka kwa utulivu. Chaza ilikuwa imemfungua shavu la mguu kama mtu anavyopasua samaki. Nilivua shati, nikachana mkono wa shati, nikamfunga kwa nguvu. Nilimnyanyua; alipoweka mguu chini alitoa sauti ambayo sitaiandika. Na maji yalikuwa yameanza kurudi. Mfereji tuliouvuka maji yakiwa magotini sasa ungefika viunoni, na yeye alikuwa mtu wa kilo nyingi.

Tulimweka kwenye tyubu. Hapakuwa na njia nyingine. Makalio yalizama kwenye tundu, kanzu ya Ijumaa ikaelea pande zote kama jani la yungiyungi, na watoto wangu, bila kuulizwa, wakampigia kelele zote nilizowapigia wao.

"Miguu juu, mjomba!"

"Shika kamba! Mikono miwili!"

"Usilale! Kaa!"

Aliinua miguu na kushika kamba. Mdogo nilimpandisha mabegani, mimi na binti tukasukuma.

"Mwambie baba yako asinitikise."

"Mwambie mjomba wako kama anaona tabu, aogelee."

"Semezaneni wenyewe," alisema binti yangu, ambaye maji yalimfika kifuani. "Mimi nasukuma."

Tukasukuma mpaka ng'ambo.

Kufika nyumbani, kijiji kilikuwa kimekwisha kujua, sijui kwa njia gani. Mke wa jirani alikuwa uani kwake na ungo usio na kitu. Mjomba alikaa barazani, mguu juu ya kinu kilicholazwa, uso wa majivu. Na kwa mazoea tu, kabla hajaomba hata maji, aliwavuta watoto na kuwageuza nyayo. Alitafuta kuliko siku nyingine zote. Alimfunua binti yangu nywele. Mimi nilisimama pale pale pangu, kifua wazi, kama mwizi anayengoja kupekuliwa, kwa sababu huenda nilipitwa na kitu. Huenda kulikuwa na mkwaruzo nyuma ya paja, mdogo kama uzi.

Hakuona kitu. Aliwaachia.

"Mwambie baba yako," alisema, "Ijumaa zimekwisha."

Mama yao alikuwa ametoka jikoni. Kutwa alifua nguo za wafanyakazi wa kambi, na jioni alikuwa na mikono iliyokunjamana na subira kidogo. Hakunitazama.

"Mtoto gani kaumia?" aliuliza.

"Huoni damu?"

"Naona. Nauliza mtoto gani."

"Mimi nimeumia!"

"Kaka, ulisema mtoto. Ulisema hapo hapo ulipokaa, na huyo mwenye ungo alikuwepo."

Mwenye ungo alianza kupepeta hewa.

"Natokwa damu na wewe unanihesabia maneno?"

"Uliingia kwenye njia ya watoto ukasimama na kanzu. Ng'ombe angetoka."

Nilicheka. Nilijaribu kuzuia, sikuweza. Hapo ndipo alipogeuka, na kwa mara ya kwanza tangu nirudi alinitazama usoni.

"Na wewe funga mdomo. Mtoto yuko juu peke yake, wewe uko chini na mwingine, macho yako jichoni mwa huyo. Leo kasimama kaka yangu. Kesho angesimama huyu mdogo. Angenusurika na nini? Mwenye akili angekuwa na mtu wa kumshika kule juu."

Nilitaka kusema kwamba hilo nililijua, kwamba hata kwenye theluji wanateleza watu wawili wakiwepo, kwamba sikuwa na mtu. Lakini kusema huna mtu, mbele ya watu, ni kitu kigumu.

"Hawaendi," alisema, "mpaka kuwe na mtu mzima wa pili. Akipatikana, wanaenda. Asipopatikana, hawaendi, na hilo nimelisema mimi niliyewazaa, siyo kaka."

Kila mtu pale alijua hakuna atakayejitolea kusimama topeni kwa ajili yangu. Nilianza kuwaza gari la Mtwara. Ndivyo nilivyo, mlango ukifungwa, naanza kusikia injini.

Mjomba alitema mate pembeni.

"Mwambie baba yako," alisema, na hapakuwa na mtoto karibu, wote walikwisha ingia ndani kula, maneno yalikwenda kwa kinu, "nitasimama mimi. Siwaachi watoto wa dada yangu kwa mpumbavu huyu peke yake."

Ijumaa ya pili bamvua ilikuwa imejaza hori, nami sikuwaona watoto, maana mjomba alikuwa bado kalala na mguu, na bila mtu wa pili mama yao hakuwatoa hata kuja kupika ndizi. Ijumaa iliyofuata, ya maji mafu, alikuja. Alikuwa amevaa kaptura ya shamba na kuegemea mpini wa jembe, na kidonda kilikuwa kimeacha ukoko mweusi kwenye shavu la mguu. Alinipa salamu kamili. Nikaitikia. Alivuka mbele yangu bila kungoja, akapanda ukingo kwa pembeni, siyo juu ya njia, akakaa kule juu na kuishika kamba ya tyubu kwa mikono yote miwili. Alikuwa na uso ule ule. Nilimchukia kama kawaida, labda zaidi, kwa kuwa sasa hata alasiri zangu za tope zilikuwa na yeye ndani.

Nilimweka mdogo mbali, kwenye mchanga wa juu, nikamwambia asisogee. Nilipapasa njia. Nikatazama kushoto, nikatazama kulia, nikainua mkono.

Tyubu haikushuka.

Nilingoja. Nikainua mkono tena. Kule juu binti yangu alikuwa amekaa, miguu juu, tayari, na nyuma yake mjomba amekaza kamba, hamwachii. Nikadhani ni ubishi. Nikafungua mdomo kumwambia mdogo amwambie mjomba wake.

"Wewe!" alipiga kelele kutoka juu, na sauti ikapita moja kwa moja, bila mtoto yeyote, mpaka kwangu. "Wewe mpumbavu! Toka njiani! Unataka kuua mtoto?"

Nilitazama chini. Wakati wa kupapasa nilikuwa nimesogea bila kujua, na nilikuwa nimesimama kati ya fito, juu ya mchanga mgumu.

Nilikuwa na majibu mengi. Niliyakusanya mwaka mzima. Binti yangu alikuwa anangoja, mikono miwili kwenye kamba.

Nikatoka.